Breka ya Nyumbani Kwenye Sola: Kwa Nini Inayeyuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeunga paneli 5 kwa mfululizo. Kila moja imeandikwa Voc (volti bila mzigo) 49 na Isc (mkondo ikipiga shoti) ampea 10.5. Niliweka breka ya kawaida ya nyumbani, ampea 20, volti 230. Nilipoizima saa sita mchana, ilinguruma, ikatoa moshi, ikayeyuka. Volti karibu ni zile zile za ukutani, sasa kosa liko wapi?
Fundi wa sola, Njombe

JIBU: Kosa liko kwenye aina ya mkondo. Ncha za breka zinapoachana mkondo ukiwa bado unapita, sehemu ya mwisho kugusana hupata moto mkali, chuma hugeuka mvuke, na mvuke huo wenye chaji hupitisha umeme kama waya. Hilo ndilo tao la umeme. Katikati yake joto hupita nyuzi 5,000 za Selsiasi.

Mkondo geu (AC) wa ukutani, wa hezi 50, hufika sifuri mara 100 kwa sekunde. Hapo tao hukosa nguvu, hewa hupoa, nalo haliwaki tena. Mkondo mnyoofu (DC) wa paneli hauna sifuri. Kulizima tao lake kunahitaji kulirefusha na kulikatakata mpaka lidai volti nyingi kuliko zilizopo. Ndiyo maana breka ya DC ina rundo la vibati ndani: kila kipande cha tao kinachonaswa kati ya vibati viwili hula takriban volti 20 au zaidi. Nyingi zina sumaku ya kulisukuma tao humo. Breka yenye alama za + na − ukiifunga kinyume, sumaku hulisukuma upande usiofaa, na hata hiyo ya DC huungua.

Usitegemee ikatike yenyewe pia. Paneli zako zikipiga shoti hutoa ampea 10.5 tu; breka ya 20 haihisi kitu.

Tafuta swichi ya DC isiyochagua chanya na hasi, ya volti 500 DC. Kwa ampea, zidisha 10.5 kwa 1.25 kama akiba ya usalama, upate 13.1, hivyo 16 inatosha. Volti zako 245 (49 mara 5) ni za joto la nyuzi 25. Asubuhi ya nyuzi 10 zitakaribia 256, maana paneli huongeza kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoshuka.

Ukizima, anza na inveta ili mkondo ukome, ndipo ufungue swichi. Viunganishi vya MC4, vile vya kuunga nyaya za paneli, usivichomoe mfumo ukiwa kazini: tao litawaka mkononi mwako. Breka iliyoungua itupe hata kama bado inabofyeka, kwa sababu masizi yaliyobaki ndani hupitisha umeme.