Udongo una seleniamu, mbona nyasi hazina?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nasoma kilimo Finland. Majibu ya maabara yanaonyesha udongo wa shamba una seleniamu, madini ambayo mnyama huhitaji kidogo sana, miligramu 0.3 kwa kilo, lakini nyasi zilizoota hapo ni kama hazina kitu. Pia naona mbolea ya hapa huongezwa seleniamu. Kama inabaki udongoni, kwa nini iwekwe kila mwaka? Na haichafui mito?

JIBU: Marahaba. Hiyo 0.3 ni jumla. Maabara huchemsha udongo kwa asidi kali na kutoa hata kile ambacho mzizi hauwezi kukigusa. Udongo wa Finland una tindikali, na humo seleniamu nyingi huwa katika umbo la seleniti, inayong'ang'ania oksidi za chuma na aluminiamu. Ndiyo tabia ya fosforasi katika udongo wetu mwekundu, ukishajua moja umeijua nyingine.

Kabla ya mwaka 1985 nyasi nyingi za huko zilikuwa na chini ya miligramu 0.02 kwa kilo ya majani makavu, wakati mnyama anahitaji takriban 0.1. Ndama walishindwa kusimama, na aliyekufa akipasuliwa, misuli ya mapaja ilikutwa na michirizi myeupe kama nyama iliyochemshwa.

Serikali ikaamua mbolea iongezwe selenati ya sodiamu, umbo lingine la seleniamu. Selenati haishikwi sana na udongo, huyeyuka na kupanda na maji hadi kwenye jani. Lakini mmea huchukua sehemu ndogo tu, na inayobaki hugeuka seleniti na kufungwa kama ile ya zamani. Ndiyo maana mbolea ya mwaka jana haisaidii mwaka huu.

Kuhusu mito, kufungwa huko huko ndiko kunakoilinda, ingawa si leseni ya kumwaga ovyo. Seleniamu ina pengo dogo kati ya dawa na sumu. Walianza na miligramu 16 kwa kilo ya mbolea ya nafaka. Watu walipoanza kupata nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mwaka 1990 wakashusha hadi 6, kisha 1998 wakapandisha hadi 10.

Kwa shamba lako, usirudie kupima jumla. Omba kipimo cha maji ya moto, kinachotoa ile inayoyeyuka tu, na bora zaidi pima nyasi zenyewe. Kama ni shamba la kilimo hai, lisilotumia mbolea hiyo ya viwandani, ng'ombe wapewe seleniamu kwenye chumvi ya madini.