Maswali Yenu: Kuzunguka Jozani bila kukwama topeni

SWALI: Asalaam alaykum. Tuko saba, wawili ni watoto wa miaka tisa na kumi na mmoja. Tunataka kuzunguka msitu wa Jozani kisha tumalizie kwenye mikoko ya Pete. Mwenzetu anashauri twende saa nane mchana ili jua liwe limepunguka. Ni sawa?
Mama Z., Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Saa nane sio. Jua bado kali, na ndani ya msitu kinachochosha ni fukuto: upepo haupiti, jasho halikauki, mtu analowa huku mwili haupoi. Fikeni getini saa mbili asubuhi, lipeni kiingilio, mchukue mtembezaji. Kila mtu mzima abebe lita moja na nusu ya maji, mtoto lita moja.

Ila kabla ya kuchagua siku, tazameni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo pana bamvua, yaani maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana, na siku hizo pwani yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata ongezeni kiasi cha dakika 50. Ndani ya mkono wa bahari kama wa Pete maji huchelewa kidogo. Kwa hiyo siku ya bamvua mkianza msituni saa mbili, mtafika kwenye mikoko saa nne na nusu hivi na kukuta tope liko wazi: mizizi ya mkoko imesimama kama miguu ya buibui, ya mchu, aina nyingine ya mkoko, imechomoza juu kama penseli, na kaa wenye gando moja kubwa wanapungiana. Mkifika yamejaa mtaona majani na maji, basi. Mkiupata mchu, mwambieni mtoto aguse upande wa chini wa jani kwa ulimi. Ni chumvi tupu. Mti huo huitoa chumvi kupitia majani yake.

Njia ya pale mikokoni ni ya mbao, inazunguka na kurudi kwenye mkwaju mkubwa mlipoanzia. Mbao zikiwa na unyevu zinateleza. Kanyageni kwenye mstari wa misumari, kwa sababu hapo chini pana boriti; ubao uliochoka huvunjika katikati, mbali na misumari.

Muda msipige kwa mwendo wa barabarani. Barabarani mtu huenda kilomita nne kwa saa. Kwenye mizizi na matope, tena na watoto, hesabuni mbili. Na ndizi za watoto zikae mkobani. Msimpe kima punju, yule kima mwekundu wa Jozani: tumbo lake limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi, matunda matamu yaliyoiva humchachia tumboni.

SWALI: Jozani hakuna mto, mbona baada ya masika njia inajaa maji hadi magotini? Na nivae viatu gani?
Msomaji, Fuoni

JIBU: Msitu umekaa bondeni, kati ya Ghuba ya Chwaka na ile ya Uzi, na maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso. Mvua za Machi hadi Mei zikishiba, yale ya chini yanapanda na ya juu yanakosa pa kwenda, ndiyo maana hayakauki siku mvua inapokatika. Mtembezaji akisema leo tupite njia nyingine, msibishane naye.

Viatu: raba zenye meno, za kufunga kamba, ambazo huzionei uchungu. Ndara zinang'oka kamba, kwani tope linavuta kiatu nawe unavuta mguu. Mabuti ya mvua yanafaa mpaka maji yapite ukingo. Yakishaingia unabeba ndoo mbili. Suruali ya jinzi ikilowa ni mzigo, vaa ya kitambaa chepesi, uichomeke ndani ya soksi. Siafu hawapigi hodi.

Mbele ya dimbwi pima kwa fimbo, kisha pita katikati. Tunajua inauma kuchafua kiatu, lakini kila anayezunguka pembeni anakanyaga miche na kuipanua njia, na mwakani dimbwi ni mara mbili. Mzizi uliolowa usiukanyage kwa urefu wake. Uvuke, au weka mguu kati ya mizizi miwili.

SWALI: Mwanangu alishika upupu kwenye uwanda, akajikuna hadi akavimba. Dawa ni nini?
Baba wa Kitogani

JIBU: Pole. Kosa ni kukuna, na kukimbilia kusugua kwa maji. Vinyweleo vya lile ganda huchoma ngozi, na kusugua kunavizamisha zaidi na kuvisambaza. Chukua donge la ugali au unga uliokandwa, bandika, ng'oa, tupa. Rudia kwa donge jipya mpaka muwasho upungue. Gundi ya karatasi nayo inafaa. Baada ya hapo ndipo uoshe kwa sabuni. Nguo alizovaa zifuliwe peke yake. Ukiingia jichoni usiguse, mwagia maji mengi safi na umpeleke hospitali. Upupu hatari ni ule mkavu, wa rangi ya kahawia, maana upepo tu unatosha kuupeperusha.

SWALI: Je, Ngezi kule Pemba naweza kwenda peke yangu jioni kutazama popo na bundi?
M., Wete

JIBU: Peke yako hapana, na bila ruhusa ya ofisi ya msitu pia hapana. Panga na mtembezaji mapema. Chini ya miti ile mikubwa giza linaingia kabla ya magharibi, saa kumi na moja na nusu tayari huoni mizizi. Beba tochi mbili, moja ifunike kioo kwa plastiki nyekundu. Mwanga mweupe unawapofua wanyama na wewe mwenyewe. Popo wa Pemba wakiwa wamelala wasipigiwe makofi ili waruke, hata kama kuna mtu anataka picha.