Kamera ya mlangoni kuona ukungu usiku

Dada yangu wa Shela, umeuliza kama kamera yako ya mlangoni imekufa: kamera kuonyesha ukungu mweupe usiku tu, na mchana iko sawa, si lazima iwe imeharibika. Kwetu huku mara nyingi ni chumvi ya bahari: taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, ambao kamera hutumia kuona gizani) zinaipiga pale kwenye kioo, mwanga unarudi ndani, picha inakuwa kama tui. Tafadhali usifute kwa kanga kavu! Chembe za chumvi na mchanga hukwaruza, na mkwaruzo hautoki. Puliza vumbi kwanza, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya kunywa, si ya kisima chenye chumvi, halafu kausha. Utando wa buibui pia utoe. Ukipeperuka tu, kamera hudhani kuna mtu, na simu inakulilia usiku kucha. Msimu wa kusi mimi husafisha kila wiki.