Ukuta wa magharibi ndio unaowanyima watu usingizi

Nilipohamia nyumba yangu hapa Tanga, mama alikataa kulala chumba nilichomjengea. Akawa anatandika mkeka sebuleni. Nilidhani ni upweke, hadi siku moja saa 3 usiku nilipoweka kiganja ukutani, upande wa kitanda chake. Ukuta ulikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Ukuta ule unatazama magharibi. Ni wa tofali za saruji za inchi 6, na nje nilibandika mawe meusi ya urembo kwa kuwa yalinivutia dukani. Mawe meusi hulinywa jua mchana kutwa, tofali likalipokea polepole, joto likatokeza ndani saa za kulala. Chumba cha jiko cha uani, kilichojengwa kwa mabati, kilikuwa moto kweli mchana, lakini jua likizama kilipoa upesi, maana bati ni jembamba, halina pa kuweka joto.

Wengi wanaodai jiwe hupoza nyumba hunitajia nyumba za Mji Mkongwe, Unguja. Naam, mchana zina ubaridi. Lakini kuta zile za matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi, na vichochoro vyembamba vinazitia kivuli. Jiwe la sentimita 2 juu ya tofali halikupi hayo.

Sikubomoa. Fundi alipigilia ukutani, kwa nje, papi (mbao nyembamba) za inchi 2 kwa wima, juu yake mbao zilizotiwa dawa kwa mlalo. Kazi hiyo isingesaidia kama angeziba juu, na alitaka kuziba, akihofia mvua. Usikubali. Mwambie aweke kofia ya bati ya kukinga mvua, lakini juu na chini pabaki wazi, pawe na wavu wa mbu tu. Hewa inayopata joto nyuma ya mbao inapanda na kutoka, inavuta nyingine kutoka chini, na tofali linabaki kivulini. Juma lile lile mama alirudi chumbani kwake.

Kama ndiyo kwanza unajenga, nenda kiwanjani saa 10 alasiri uone jua linapiga wapi, ndipo uchague cha kubandika. Huna pesa? Paka upande huo rangi nyeupe. Na kama nyumba haina dari, anza na dari kabla ya ukuta wowote, kwa sababu jua la saa 6 mchana huku kwetu linapiga paa.