Jibu: Sakafu ya kupumzikia uani, zege au pevingi?

Ndugu yangu, umeuliza kama sehemu ya kupumzikia familia uani, yenye mita 4 kwa 5 karibu na mlango wa jikoni, ijengwe kwa zege au kwa vitofali vya pevingi. Kwa kuwa umesema bomba la maji taka linapita hapo chini, ninakushauri uchague pevingi, maana siku likiziba fundi atang'oa vitofali vichache na kuvirudisha, ilhali zege litavunjwa kwa nyundo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maji ya mvua. Sakafu iteremke kutoka ukutani kwa sentimita 2 hivi katika kila mita, na uso wake ubaki sentimita 15 chini ya mkanda wa kuzuia unyevu, yaani ule utando uliolazwa ndani ya ukuta juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande. Kwangu fundi alipuuza jambo hili, na masika ya kwanza tu plasta ya ukuta wa jikoni ilibabuka, ukiigusa inamwagika kama unga.

Chimba sentimita 20 hivi, uondoe udongo wenye mizizi, kisha mwaga moramu ya sentimita 10, inyunyiziwe maji na kushindiliwa vizuri. Juu yake weka mchanga wa sentimita 3 na vitofali vya unene wa sentimita 6. Kingo zifungwe kwa zege, la sivyo vitofali vya pembeni vitasogea.

Mwembe wenu tafadhali msiukate. Acheni udongo wazi kuzunguka shina, ili mizizi ipate maji na bibi aendelee kuketi kivulini.