Chokoleti yangu ina uchachu: imeharibika?

SWALI: Mpishi, shikamoo. Kaka yangu amerudi safari na chokoleti za maziwa tatu: moja ya Uswisi, moja ya Uingereza, moja ya Marekani. Ya Uswisi ni laini, unasikia maziwa tu. Ya Uingereza ina ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Ya Marekani inaacha uchachu nyuma ya ulimi, na binti yangu wa miaka tisa amesema inanuka kama mtoto aliyecheua. Tarehe yake bado. Niitupe? Na kwa nini zote zinaitwa chokoleti ya maziwa wakati hazifanani?
– Mama wa Pua Kali

JIBU: Marahaba. Usiitupe, na usimkemee binti yako, maana amenusa sawasawa. Hiyo ni asidi ya butiriki. Imo kwenye matapishi, imo kwenye siagi iliyochacha, na imo pia kwenye jibini ya Parmesan ambayo watu huisifia mezani. Chokoleti nyingi za mtindo wa Kimarekani zina uchachu huo kwa sababu mafuta ya maziwa yake huachwa yavunjike kidogo. Hufanywa makusudi, tena kwa kipimo. Mimi mara ya kwanza niliitemea kwenye leso. Aliyekua nayo, ukimpa ya Uswisi, atakuuliza mbona imepooza.

Watu wakila chokoleti husifu au hulaumu kakao. Kwa chokoleti ya maziwa mimi huyauliza maziwa kwanza. Chokoleti ni mafuta, na mafuta hayapatani na maji: ukidondoshea maji kidogo chokoleti iliyoyeyuka, inagoma, inakuwa bonge lisilomiminika. (Nimeharibu sufuria nzima kwa kijiko kilicholowa, kwa hiyo naongea kwa uchungu.) Sasa maziwa karibu yote ni maji. Daniel Peter wa Vevey, Uswisi, alihangaika miaka kadhaa na fumbo hilo hadi akalifumbua, mnamo 1875. Tangu hapo kila kiwanda hukausha maziwa kwa njia yake, na moto unaacha alama.

Njia inayohusishwa na Uswisi ni ya maziwa ya unga, ambayo hayakupikwa sana. Huchanganywa na kakao na sukari, yakasagwa hadi ulimi usihisi chembe, kisha mchanganyiko ukandwe kwa saa nyingi katika mashine iitwayo konchi. Rodolphe Lindt ndiye aliyeianzisha mwaka 1879.

Waingereza wana njia ninayoipenda zaidi, nakiri. Maziwa huchemshwa na sukari mpaka yawe mazito, kakao iliyosagwa ikatiwa humo humo, halafu vyote vikakaushwa pamoja vikawa chenga. Protini na sukari za maziwa zikikaa motoni hivyo zinafanya kile kinachofanyika kwenye ganda la mkate: zinakuwa kahawia na kunukia. Ndiyo ladha yako ya sukari iliyoungua. Chenga hizo zilikuwa na faida nyingine, zilikaa muda mrefu bila kuchacha, basi kiwanda kikaweka akiba wakati ng'ombe wana maziwa mengi.

Kuhusu jina, sheria hazilingani. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unadai angalau asilimia 25 ya kakao na 14 ya maziwa makavu. Uingereza inaruhusu kakao ishuke hadi 20 mradi maziwa nayo yafike 20. Marekani inataka asilimia 10 tu ya kakao iliyosagwa na 12 ya maziwa.

Ukitaka kuhakikisha, kata vipande vya ukubwa wa kucha, visiwe vya baridi ya friji. Ziba pua, weka kimoja ulimini, usitafune. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kwa hiyo mdomo unatosha. Utasikia utamu mtupu. Achia pua, na ladha yote inaingia kwa mpigo. Anza na ya Uswisi, ya Marekani iwe ya mwisho, na katikati unywe maji ya uvuguvugu.

Ya kutupa ni ile inayonuka mafuta ya zamani au sabuni. Utando mweupe juu yake usikutishe. Mara nyingi ni mafuta tu yaliyopanda, si ukungu.

Kisha mfumbe binti yako macho, umpe zote tatu azitambue. Sidhani atakosea hata moja.