Mzunguko wa Ziwa Garda kwa baiskeli: anza na Ponale

Ndugu, umeuliza kama mtu asiye na mazoezi makali anaweza kuzunguka vilima vya Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, kwa baiskeli ya milimani. Anaweza, ila asianze na Bocca di Trat, njia ya kupita kati ya milima. Ile iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, utasukuma baiskeli kwa mkono.

Anzia mji wa Riva del Garda, panda barabara ya zamani ya Ponale. Ni ya karne ya 19, imechongwa kwenye mwamba, magari hayaruhusiwi. Kokoto zinateleza na kuna mahandaki, kwa hiyo beba taa, na kwenye kona piga kengele maana watembea kwa miguu ni wengi. Kushoto kwako ziwa liko chini kabisa. Mimi nilisimama mara nne, nikisingizia picha.

Ukipita kijiji cha Biacesa unafika Molina di Ledro, kando ya Ziwa Ledro, penye mabaki ya nyumba za Enzi ya Shaba zilizojengwa juu ya nguzo, urithi wa dunia tangu 2011. Ziwa hilo liko mita 655 tu juu ya usawa wa bahari. Kula hapo, geuza. Kurudi ni mteremko, kagua breki kwanza. Canale di Tenno, kile kijiji cha mawe, kiwekee siku yake.